Nilikataa Kahawa ya Baba wa Nyota Wangu

Nshambya, Bukoba
2 Oktoba 1973

Bibi Anatolia, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, na miaka yote hii nimekuwa nikicheka shida za wenzangu katika ukurasa wako bila kujua kwamba zamu yangu inakuja, sasa imefika, nisaidie, maana nimefikia hali ambayo simwamini mtu yeyote, hata mke wangu Kokwijuka akinitengea chai nasubiri kwanza nione kama na yeye anakunywa.

Mchana nafundisha shule ya msingi, jioni nafundisha timu ya mpira wa kikapu ya shirika moja la umma hapa mjini, jina lake nalificha kwa sababu utakazoziona. Nyota wetu ni kijana wa Izigo, upande wa Muleba, nitamwita Mujuni. Nilimwona akiwa na miaka kumi na mitatu akichuma maparachichi bila kupanda mti, nikapigilia pete ya pipa kwenye mti wa msizi ulio nyuma ya nyumba ya baba yake, Ta Ildefons, nikamfundisha kudunda mpira, kugeuka, kuruka na kutua kwa miguu miwili, kila Jumamosi naendesha baiskeli kutoka Bukoba mpaka Izigo na kurudi, na leo ana miaka ishirini na moja na hakuna timu kandokando ya ziwa hili isiyomwogopa. Shirika limemwajiri kama karani wa stoo, ingawa sidhani kama anajua mlango wa stoo unafungukia ndani au nje, kazi yake ni kufunga vikapu na kila mtu anajua.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyo. Picha ya Mujuni imebandikwa ofisini, dukani na kwenye mlango wa kantini, na katika picha ya timu nzima waliyoitundika ukumbini mimi nimekatwa, nimeonekana kiwiko tu, wageni wakiuliza kiwiko hicho ni cha nani wanaambiwa ni cha mtu aliyekuwa akipita. Tukisafiri, Mujuni anapanda Landrova pamoja na meneja, mimi niliyemfundisha napanda lori na wachezaji wa akiba. Timu ya chipukizi wangu kumi na wawili imenyang'anywa mpira, meneja alisema tuna Mujuni, wengine wa nini. Halafu mwezi wa nane akaletwa mtu anaitwa Zahoro, mwenyeji wa Tanga, amesomea michezo ng'ambo miezi sita, nikaambiwa ni mtazamaji tu, lakini mtazamaji gani anaandika kwenye daftari kila nikifungua mdomo? Nilipouliza, meneja akanishika bega akasema, "Mwalimu, usiwe na wasiwasi, wewe ni wetu," na hapo ndipo wasiwasi ulipoanza hasa, maana siku zote nilipokuwa mtu wao kweli hawakuwahi kuniambia.

Mwezi wa saba Mujuni alitua vibaya tukicheza na timu ya Musoma, goti likavimba, nikampeleka hospitali ya misheni, daktari alikuwa mgeni kabisa, hajui Kiswahili wala Kihaya, na sista ambaye huwa anamtafsiria siku hiyo hakuwepo, basi nikatafsiri mimi, daktari akasema kwa Kiingereza kijana apumzike miezi mitatu la sivyo goti litaharibika moja kwa moja, nami nikamwambia Mujuni wiki tatu, kwa sababu fainali ya mkoa ilikuwa karibu na damu ya kijana hupona haraka, na hawa madaktari wageni hupenda kutia chumvi, lakini nisitoke nje ya mada, mada yangu ni hawa watu wanaonichimba.

Fainali alicheza akafunga pointi thelathini na moja, na picha ile ya mlangoni ni ya siku hiyo. Sasa goti linavimba kila baada ya mazoezi, analifunga bandeji chooni ili meneja asione, halafu anatoka anacheka. Tarehe ishirini mwezi huu, Jumamosi, wanakuja wageni kutoka Dar es Salaam, makao makuu ya shirika, kumtazama ili wamchukue katika timu yao kubwa, na meneja ametangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba Mujuni hatatolewa hata dakika moja kwa sababu Mujuni ni mali ya umma. Zahoro alikuwa ameketi karibu, akaandika.

Lililonisukuma kuandika ni hili. Wiki tatu zilizopita Ta Ildefons aliniita Izigo. Nilifika saa nne asubuhi, akanikaribisha vizuri, mkewe Mama Klaudia akaleta akamwani kwenye jani la mgomba, ile kahawa ya kutafuna ambayo kwetu mgeni hakosi kupewa, na mzee, kama ilivyo desturi, akachukua punje yake kwanza akatafuna ili mgeni aone hakuna jambo, kisha akanisogezea jani.

"Mwalimu, waitu, pokea," akasema kwa heshima ya Kihaya. "Halafu uniambie. Yule daktari alisemaje hasa?"

Bibi Anatolia, nilitazama zile punje, moyo ukakataa. Nikajiuliza kwa nini ananiuliza mimi na si mwanawe, nani amempelekea maneno, ni Zahoro au ni meneja, na kwa nini swali lije pamoja na kahawa. Nikasema jino linaniuma.

Mzee akalifunika lile jani kwa kiganja. "Jino," akasema. "Haya, basi."

Hakuniuliza tena, na mimi sikunywa hata maji, nikaondoka. Tangu siku hiyo haji mjini kutazama mchezo, yeye ambaye alikuwa akija na kigoda chake mwenyewe, na Mujuni nikimwuliza habari za baba yake ananijibu, "Baba amenyamaza tu, Mwalimu," halafu anafunga kamba za viatu ambazo tayari amezifunga.

Sasa nakuuliza, katika hawa watatu, meneja, Zahoro na mzee, ni nani anayenichimba? Je, niwaandikie wakubwa wa makao makuu kwamba Zahoro ni mpelelezi wa meneja? Je, nikamshitaki Ta Ildefons kwa balozi wa nyumba kumi kabla hajanidhuru? Nimeitumikia timu hii miaka tisa, nitaondolewa kama kiti kibovu, nifanye nini nisipoteze nafasi yangu?

Ni mimi,
Mwenye Filimbi

BIBI ANATOLIA ANAJIBU

Marahaba, Mwenye Filimbi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, maana mtu aliyepanda baiskeli miaka yote hiyo kwenda Izigo kufundisha mtoto wa mwenzake hastahili kubaki kiwiko ukutani. Hilo nalisema wazi na meneja wako alisikie. Kumtukuza mmoja, kuwanyang'anya mpira watoto kumi na wawili, kisha kusimama mbele ya wafanyakazi kutaja umma, huo si ujamaa, ni kujipendekeza kwa wakubwa wanaokuja na gari. Huyo mtu simwamini kama usivyomwamini wewe. Na kwamba kijana ni mali ya umma, sawa, lakini hata trekta la kijiji likigonga jiwe hupelekwa gereji.

Mara ya pili nilisoma pale ulipoandika "nisitoke nje ya mada." Bwana wewe! Mada ni hapo hapo. Umenieleza habari za picha, Landrova na daftari kwa wino mwingi, na uongo uliomwambia kijana ukaupitisha upesi upesi, ukitumaini kwamba nitakuwa nimechoka kusoma. Sikuchoka. Daktari alisema miezi mitatu. Wewe ukasema wiki tatu. Kijana alikuamini kwa sababu wewe ndiwe uliyemfundisha hata namna ya kutua chini.

Unaniuliza ni nani anayekuchimba. Zahoro labda anakitaka kiti chako, na labda atakipata. Watu wa aina hiyo wapo na mashirika yanawapenda. Lakini goti hakuligusa. Meneja hajui lolote, maana bandeji inafungwa chooni. Na mzee je? Mzee alikuita kwake asubuhi kweupe, akakupa kahawa, akatafuna kwanza, akakuuliza swali ambalo baba yeyote angeuliza akimwona mwanawe anachechemea. Alikuwa akikupa nafasi ya kusema. Ukamwona mchawi! Mimi nimezaliwa Rubafu, huko huko kwenu, najua maana ya kukataa akamwani mbele ya mwenye nyumba na mkewe. Ulimwambia bila kufungua mdomo kwamba kuna kitu, na akaelewa. Ndiyo maana alifunika jani. Huyo ndiye unayetaka kumshitaki kwa balozi? Ona aibu. Hata chai ya mke wako unaiogopa, na Kokwijuka wa watu hana kosa lolote.

Sasa fanya ninalokuambia, na usianze kupangua. Leo, kabla ya mazoezi, mwite Mujuni peke yake umwambie kwa maneno haya haya: "Daktari alisema miezi mitatu, mimi nikakudanganya." Usimweleze habari za fainali, usimweleze damu ya kijana. Akikutukana, nyamaza. Kisha mrudishe hospitali, na safari hii sista awepo atafsiri, wewe ukae nje kwenye benchi. Mwombeni daktari aandike cheti. Cheti hicho umpelekee meneja wewe mwenyewe, na nakala moja iende kwa tawi la chama cha wafanyakazi, kwa sababu kijana ameajiriwa kama karani na karani mgonjwa ana haki zake. Akishapona, ajifunze hiyo kazi ya stoo kwa kweli. Goti likikataa, awe na kazi iliyobaki mkononi, maana picha ya mlangoni hubanduliwa siku moja, na anayebandua haombi ruhusa.

Jumamosi hiyo Mujuni asicheze. Wageni wa Dar es Salaam wakiudhika, waudhike. Meneja atatafuta mwenye kosa, na atakupata wewe, na safari hii atakuwa amepatia. Huenda filimbi itakwenda kwa Zahoro. Iache iende. Uliniuliza namna ya kutopoteza nafasi yako, na mimi sina jibu la kukupa, kwa sababu sidhani kama kwa sasa unastahili kubaki nayo. Pete ya pipa bado ipo kwenye msizi wa Izigo, na watoto kumi na wawili hawana mwalimu. Anzia hapo, ukiruhusiwa.

Maana lazima uende Izigo. Nenda bila meneja, bila mchungaji wa kukuombea msamaha, bila zawadi. Keti uani umwambie Ta Ildefons, na mama yake kijana awepo asikie. Huenda hutapewa kahawa. Ukipewa, chukua punje utafune, na kama kweli una jino linalouma, tafuna na jino hilo hilo.

Jambo la mwisho, na hili hutalipenda. Sikuamini. Mtu aliyebadili maneno ya daktari anaweza kuikunja barua yangu akaiweka chini ya godoro. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta, ndani ya bahasha, na gazeti litafika Bukoba na meli ya Jumatano, siku tatu kabla ya mchezo. Kwa hesabu yangu ulikuwa na juma zima la kusema mwenyewe. Utalalamika kwamba nimetoa siri. Ulificha jina la shirika, lakini mji wenu una timu ngapi zenye kijana mrefu kutoka Izigo? Na goti la mtu mwingine halikuwa siri yako kuificha.

Nawe kijana, jina lako lolote lile, kama gazeti limekukuta kantini chini ya picha yako na mwalimu wako hajakuambia neno: ni miezi mitatu. Jumamosi usivae viatu. Nenda nyumbani kwa baba yako ukapumzike.