Karatasi Mbili Ukutani

Coimbatore,
9 Februari

Kwako dada yangu mpenzi Kuzhali,

Salamu nyingi zikufikie hapo Karur, wewe, shemeji na watoto. Natumaini goti limepoa na umeacha ubishi na daktari. Mimi ni mzima, ila mchuzi wa dengu wa mkahawa wa kazini, hiyo sambari yao, ni maji matupu, na nimekwisha kuizoea.

Uliniuliza kama kazi hii ya programu za kompyuta inanifaa au najikaza tu. Inanifaa, dada. Mshahara hauchelewi, na mwaka huu wameniongeza rupia elfu tisa. Hata mkurugenzi tunamwita Vasuki, jina tupu, na kwenye foleni ya kahawa tunamtania kwamba kikombe chake ni beseni. Ukiharibu kitu unasema umeharibu, watu wanavuta viti, mnatengeneza. Nawapenda kwa hilo.

Kila Januari tunaandika maoni yetu juu ya mshahara, mwenendo wa kazi na kupanda cheo, bila majina, kisha yote yanabandikwa ukutani mkahawani. Mwaka huu karatasi mbili zilikusanya watu. Ya kwanza ilisema kiongozi wa kundi letu, Kaka Ilango, amekalia mlango: yeye haendi, na walio nyuma hawapiti. Ya pili ilisema Thenmozhi, yaani mimi, anaijua kazi kuliko kiongozi wake, apewe kundi.

Basi nikachekwa wiki nzima kwamba nimejipigia debe. Lakini ile ya pili niliitambua mara moja. Ilango alijifunza kuandika kwa mashine ya chapa, na ni yeye peke yake anayeacha nafasi kabla ya nukta. Baadaye Vasuki alituita, akasema Ilango mwenyewe ameomba ahamie kufundisha wapya kwa mshahara ule ule, na kwamba kundi ni langu kuanzia Jumatatu.

Dada, ile karatasi ya kwanza niliiandika mimi. Nilikuwa na hasira ya kukosa cheo mwaka jana. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi miaka sita. Mama alipolazwa, alinifanyia kazi yangu wiki tatu, asimwambie mtu. Nami nikamsema kwa kujificha, kisha nikakaa kimya watu wakiulizana ni nani asiye na shukrani. Naona haya hata kukuandikia.

Jana akinikabidhi kazi nikaanza kumwambia ni nani aliyeandika ile ya kwanza. Akacheka.

"Mdogo wangu, najua. Miaka sita nasahihisha maandishi yako, nitakosa kuyajua? Uliloandika ni kweli, ndiyo maana nikaandika langu. Ila umeandika 'mlago'. Herufi ya n umeila tena."

Nililia mbele yake kama mtoto, naye akanisukumia kahawa yake, akaniambia nisimwagie machozi kompyuta ya kampuni.

Leo asubuhi, mkahawa ukiwa umejaa, nimekwenda ukutani na kalamu. Nimeandika jina langu chini ya karatasi ile, wakaniona wote. Kisha nikaiongeza ile n.

Nisalimie shemeji, na uwabusu watoto. Mwezi ujao nitakuja na Ilango na mkewe. Tafadhali uwapikie wewe, si mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Thenmozhi