Marahaba ya Bi Makeke

Magengeni,
Kilwa Kivinje,
Lindi.
16 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Nusaiba,

Assalam aleikum. Marahaba! Ndiyo, naitika kabla hujaniamkia, kama alivyokuwa akifanya marehemu mama yako ukichelewa kumpigia. Hujambo wewe? Mkwe wangu Mudathiri hajambo? Wajukuu zangu wanakua, au ndiyo wanashinda ndani na viyoyozi vya Maskati? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi halinisikilizi. Mke wangu Hamida anasema ni uzee. Mimi nasema ni baridi.

Najua utacheka kwamba simu mjomba anayo, halafu kaandika barua. Simu unaipokea huku unakaanga samaki. Hii nataka uisome umekaa kitako.

Nyumba ya Bi Makeke imerudi. Nimeiona Ijumaa kwa macho yangu mawili. Wewe unajua walivyoikata ile katuni, hawakuaga watazamaji wala hawakumuaga mama yako aliyempa Bi Makeke sauti, akarudi hapa na begi lake akituambia kastaafu. Tangu Mungu alipomchukua sikudhani kuna mtu angethubutu kuigusa tena. Basi wameigusa. Kipindi kimoja tu, cha kuwakumbusha watu.

Mwanangu, unazikumbuka Ijumaa zetu? Televisheni juu ya kasha la bibi yako, kitambaa cha kufuma kinaondolewa kama tunamfunua bi harusi, majirani wamejaa mpaka kibarazani. Bi Makeke na nyumba yake ya kupangisha, na yule mbuzi anayekula nguo za wapangaji! Akishamaliza kuwasema wote, anakohoa kidogo, halafu nyumba nzima tunapiga kelele pamoja naye, "Mie simo, nasema tu!" Na mama yako, akiwa likizo, amekaa pale pale kwenye mkeka anachambua mchele, kana kwamba sauti si yake. Anatikisa kichwa: "Ama huyu mwanamke ana mdomo!" Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Raha ile sijaipata tena.

Sasa, wenye katuni walipotupigia kuomba ruhusa, walisema wamempata mwanamke huko Dar anayeweza kumwiga dada yangu. Wakanisikilizisha. Nusaiba, sauti ilikuwa ile ile, na kile kikohozi ndani yake. Badala ya kufurahi nilipandwa na hasira. Nikawaambia wamwache marehemu apumzike, nikakata simu. Nawe uliponipigia ulisema hivyo hivyo, mama asiigizwe, na hutaitazama hata wakikuletea mlangoni.

Aliyenigeuza ni Hamida. Akaniuliza, "Likwata alipomwiga msibani, mbona ulicheka?"

Siku ile hukuwepo, na maiti wetu hawangoji ndege, kwa hiyo nikueleze. Mtani wetu Likwata alitoka Milola asubuhi, hakusalimia mtu, akaingia ndani akatoka amejifunga kanga ya mama yako. Akatembea vile alivyokuwa akitembea, bega moja mbele, akaanza kuwasema waombolezaji. Chai gani hii, mmekuja kuzika au kuosha masufuria? Watu waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Sheikh aliinama akajifanya anatafuta kiatu, mabega yanamcheza. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu mtani ana haki ya kumchezea maiti wetu, na sisi wake. Mgeni hana haki hiyo hata awe fundi namna gani.

Nikawapigia tena watu wa Dar. Mkimtaka Bi Makeke, mchukueni Likwata wa Milola. Wakaniuliza ana uzoefu gani. Nikawaambia, wa misiba!

Likwata naye hakwenda bure. Alidai jogoo wangu, yule mwekundu, na akamla mbele yangu huku ananisifia ufugaji. Mshenzi yule.

Basi Ijumaa tukajaa tena. Bi Makeke karudi kutoka safari ndefu, anakuta wapangaji wamekikalia kiti chake, mbuzi kazeeka, hana meno, sasa anamudu leso tu. Mwanzoni watu walinung'unika. Sauti ya Likwata unaijua, kama mtu anaburuza jembe kwenye saruji. Kudra wa jirani akasema huyu siye. Lakini bega la Bi Makeke likaenda mbele, kikohozi kikaja, na ilipofika "Mie simo", hakuna aliyebaki kimya. Kudra ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Mwisho, wapangaji wamekwenda kulala. Bi Makeke kabaki kwenye kiti chake, simu inaita. Anapokea, hasemi haloo. Anasema, "Marahaba!" Halafu ananyamaza, anasikiliza, na picha inakaa hapo hapo mpaka inapotea.

Hamida alijifunika kanga usoni. Mimi nililia, mwanaume mzima, sikujificha.

Kesho yake nilimuuliza Likwata kama ndivyo walivyomwandikia. Akasema wao waliandika haloo, ila yeye ni mtani, hapangiwi. Alishamkuta mama yako mara nyingi hapa barazani akingoja simu ya Maskati, na neno la kwanza lilikuwa hilo hilo.

Nusaiba, najua kinachokukaa moyoni, maana Mudathiri ameniambia. Ile simu ya mwisho aliyokupigia mama yako hukuipokea, ukasema utampigia kesho, na kesho yake tukamzika. Nisikilize mimi niliyekuwa naye. Hakukasirika hata kidogo. Aliiweka simu chini ya mto akasema, "Yuko kazini. Atapiga." Akaomba uji, akanywa wote. Ndivyo ilivyokuwa, Wallahi, sikuongezei wala sikupunguzii.

Kipindi nimeshamtumia Mudathiri kwenye simu yake. Nimemwambia asikulazimishe.

Hamida anakusalimu sana, na anasema ukija Idi utamkuta amekukaushia pweza. Binti yetu Shamimu anasalimu, kajifungua wa kike, na jina nadhani unalijua. Kudra anasalimu, ingawa hakutumwa na mtu kusoma barua hii begani kwangu. Wabusu wajukuu zangu. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akufungulie kifua, akurudishe nyumbani tukuone.

Ukiitazama, mama, ukifika pale mwisho anaponyamaza, usikae kimya. Anakungoja wewe. Mwamkie.

Mjomba wako akupendaye,
Pazi