Makawa Saba ya Koboko

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Arua. Tarehe 3 Machi 1973, saa 8.15 mchana.

Jina: Severino Adrabo. Umri: miaka 41, kwa kukadiria. Kazi: karani wa stoo ya mradi wa ususi, zamani fundi baiskeli, Koboko. Makazi: Ayivu. Elimu: sikupelekwa shule. Nilijifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari, enzi sukari ilipokuwa ikipatikana.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekaa kwenye benchi lenu tangu saa mbili asubuhi. Namfahamu Hajara Taban, aliyeko mahabusu kwa wizi wa makawa saba ya kufunikia chakula.

Mradi huu ulianzishwa Januari na chuo kikuu cha huko Kampala. Mapatano ni kwamba chuo kiwatafutie wasusi wa Koboko wanunuzi, nao wawafundishe wanafunzi kusuka. Mkuu wake ni Daktari Ezati, mzaliwa wa Aroi, si daktari wa sindano. Nia yake ni njema. Natanguliza hilo kwa sababu yanayofuata hayatamfurahisha.

Mnamo Jumamosi tarehe 10 Februari, saa saba mchana, mimi na Daktari tulifika Koboko kwa Hajara, kiongozi wa wasusi. Nyumba saba zilileta chakula: asida, yaani ugali wao, bamia, samaki mkavu. Kila sahani ilifunikwa kawa. Kwa Wanubi, watu wa Hajara, kawa huja na chakula na hurudi na sahani kwa mwenyewe, na chini yake aliyempokea mgeni huweka kitu kidogo, hata chumvi. Daktari hakujua. Aliyainua, akayageuza, akasema, "Hii ndiyo kazi ya kuonyesha Kampala." Wanawake walicheka, wamesifiwa. Sahani akaziacha. Makawa akaniambia nipakie garini.

Mimi nilijua. Nimeishi Koboko miaka tisa. Lakini nilikuwa na wiki mbili kazini, kazi yangu ya kwanza yenye kiti, na tumbo lilikuwa limejaa. Nikapakia. Tuliporudi stoo hapa Arua nikaandika kitabuni: "Makawa 7, yametolewa kwa chuo." Hakuna aliyeyatoa. Mwandiko ni wangu.

Tarehe 19 Hajara alikuja kwa lori la tumbaku.

"Karani, mgeni yako bado nakula?"

Nikamjibu, "Mama, hii sasa iko sampuli ya chuo."

"Mimi napika asida. Sampuli mimi hapana pika. Moja iko ya marehemu, mama ya Aminah, jirani yangu. Rudisha."

Nilimwahidi kumwandikia Daktari. Sikuandika. Tarehe 26 akaja tena, akasema wasusi wote wameacha kusukia mradi. Sikuwa na uongo mpya, nikampa ule wa zamani.

Jana, saa tatu asubuhi, nilikuwa mezani. Hajara aliingia, akanisalimu, akahesabu saba, akayapanga kichwani. Akasema, "Karani, kwaheri." Nami nikamwambia, "Safari njema, mama." Mwizi wa kuagana naye hivyo sijapata kumwona. Mlinzi wa stoo, Draku, ndiye aliyepiga kelele. Hajara alikamatwa akipanda lori. Askari wakaomba kitabu changu, wakasoma mstari ule, wakamchukua. Nilikuwa nimesimama pale pale. Walipoondoka nikaketi tena kitini.

Bwana Konstebo umeniuliza kama najua kazi yangu itaisha. Najua. Kile kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi.

Kama kuna wizi, ulifanyika Februari, na aliyeuandika kwa wino ndiye mimi. Mama yule alifuata mali ya nyumba saba. Nimechoka kulinda mstari mmoja. Sina jingine la kueleza. Nimeyasoma haya mwenyewe, sikusomewa.

(Sahihi) S. Adrabo

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, Konstebo Onzima. Shahidi amesahihisha herufi zangu mara tatu. Mshukiwa ameachiliwa saa 10.40 alasiri kwa amri ya mkaguzi. Makawa yamezuiwa kuwa vielelezo. Mama huyo ameketi bencheni karibu na shahidi, na amekataa kuondoka bila hayo makawa. Shahidi naye amekataa kuondoka. Naomba maelekezo.