Nilichorithi kwa Baba

Kitindamimba wangu,

Kama u mzima, nashukuru. Kama una mafua, kunywa maji moto uache ubishi. Huku paa la jikoni limeacha kuvuja. Shemeji yako anajifunza kupika. Tunamwombea, na sisi tunaokula tunajiombea pia.

Kaa kwanza. Hospitali walinitoa uvimbe kwenye utumbo mpana. Kidonda kimeshapona, nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni naota jua. Daktari, binti anayeongea kana kwamba anabembeleza mtoto, alisema wameupima ule uvimbe na kukuta hitilafu kwenye vinasaba. Nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo ni mbaya?" Akasema, "Mama, saratani yenye hitilafu ya aina hii mara nyingi husikia dawa. Ila hii yako ni ya kurithi." Kumbe ule ugonjwa wa tumbo uliomchukua baba, tukaupa kila jina, ndio huu huu.

Basi nenda ukapimwe, hata kama huumwi popote. Nakujua, utasema kazi zimekubana. Nenda.

Unakumbuka ulivyokuwa ukininunia? Ati pua ya baba nimechukua mimi, sauti mimi, mwanya mimi, wewe hukuachiwa hata ukucha. Nilikuwa nakucheka mpaka unalia. Siku hizi kila nikiomba, naomba maneno yako yawe kweli, niwe nimechukua vyote.

Dada yako,
mchoyo yule yule