Kisima cha Korbesa Kimevuka Laga

Jumatano, Bulla Pesa

Na kompyuta yenyewe haikulalamika hata kidogo! Hiyo ndiyo inaniuma.

Leo mkutanoni nilitandaza ramani yangu mpya ya visima. Mama Qabale, aliyetoka Korbesa kwa niaba ya kamati ya maji, aliitazama, akaweka kidole. "Kisima chetu mmekiweka ng'ambo ya laga, ule mto mkavu. Huko ni malisho ya wenzetu. Mnataka tupigane?"

Nikamjibu mbele ya watu wote, "Mama, kompyuta haikosei."

"Wewe umefika pale lini?"

Sijawahi kufika.

Jioni ndipo nikafungua faili. Vipimo vya mahali kilipo kile kisima ni vya zamani, vya mfumo wa ramani wa Arc 1960, msimbo 21097. Mimi nikaviwekea 32637, msimbo wa siku hizi, kwa sababu bosi alisema, "Weka tu ile ya kawaida." Kisima kikahama karibu mita mia tatu. Afadhali kingeangukia baharini, ningeshtuka. Kimeanguka karibu, kikafanana na ukweli.

Kurekebisha kumenichukua dakika moja. Mjinga mimi!

Nimempigia Mama Qabale mara sita. Hapatikani. Alipanda lori mara tu baada ya mkutano, na nakala ya ramani akaikunja kwenye mkoba wake. Kesho ataikunjua mbele ya wazee na vijana, awaonyeshe kwamba ofisi imewapa jirani zao kisima.

Na pale chini kwenye kona, mchoraji ni nani? Jina langu, kwa herufi kubwa.