Chai ya Baba

Alhamisi, Missouri City

Bado nimenuna. Bosi amenirudishia maelezo ya fanksheni niliyoiandika, kipande cha programu kinachopokea data na kuishughulikia. Nimeeleza vizuri inavyoshughulikia kila aina ya data, lakini eti sijasema itafanya nini ikiletewa aina isiyoijua. Tena anataka nifute sehemu moja ya zamani ya programu hiyo kwa kuwa haitumiki tena.

Nikamlalamikia Mama jikoni. Amekuja kutoka Nakuru kunilelea mtoto, na mambo ya kompyuta hayajui. Nikamwambia ni kama chai yake: kazi ni moja, lakini kila mtu anapikiwa kivyake. Jirani yetu Mkongo anapewa ya rangi, mimi ya tangawizi.

“Na mgeni usiyemjua?” nikamuuliza.

“Namwekea maziwa na sukari kando, ajipimie.”

Loo! Ndilo jibu nililolikosa siku nzima.

Kisha nikaona amemimina kikombe kimoja zaidi, bila sukari. Cha Baba. Daktari alikuwa amemkataza sukari, na tulimzika mwaka jana.

“Mkono umezoea,” Mama akasema, akitaka kukimwaga.

Ile sehemu ya zamani siifuti. Bosi akasirike tu.

Chai isiyo na sukari siipendi hata kidogo. Nilikichukua kile kikombe, nikakimaliza.