Chiriku Kwenye Fensi ya Kabura

Salim, wacha kila kitu usome hii. Jirani yangu Kabura amekuja na panga. PANGA, Salim!

Anataka kukata fensi yetu ya mpakani, ile ya miti ya miiba ya kayaba. Ati kuna kwelea ndani wanaomaliza wimbi aliyoanika uani. Redio imesema kwelea wanaharibu mpunga kule Mwea, basi kwake kila ndege mdogo sasa ni kwelea.

Nikamwambia, "Kabura, kwelea ana mdomo mwekundu. Huyu ni chiriku! Tazama mdomo wake mnene wa kahawia, wa kuvunjia mbegu. Tazama mstari mweupe juu ya jicho, kama nyusi za mzee. Na kifua kina michirizi, utadhani amemwagikiwa chai."

Unajua alinijibu nini? "Wewe uliyetuambia tai alikubeba kutoka Othaya mpaka Karatina mwaka wa sabini na mbili?"

Watu wote njiani wakacheka. Salim, siku moja tu nasema ukweli, na yule tai ananirudia!

Sasa nimeweka kiti hapa kwenye fensi, mbele ya kiota cha huyo chiriku. Kiko na vifaranga, nawasikia wakilia nyuma ya shingo yangu. Nimemwambia Kabura aanze kwa kukata miguu yangu. Ameenda kumwita mzee wa mtaa.

Sitoki hapa. Njoo, na uje na chai. Wewe hujawahi kudanganya mtu, ukisema ni chiriku watakubali.

Na wakikuuliza kuhusu tai, sema ulituona tukipita.